Anwani ya Nyumba Yangu Kwenye Intaneti
Jumamosi iliyopita nilifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yangu (kifaa kinachoiunganisha nyumba na intaneti), nikakuta anwani inayoanza na 100.72, na hapo nikaelewa kwa nini kamera ya getini haifikiki nikiwa safarini. Anwani za kundi hilo, kuanzia 100.64 hadi 100.127, zilitengwa mwaka 2012 ili mtoa huduma awaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa kuwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ina anwani zipatazo bilioni 4.3 tu; hivyo aliye nje hawezi kuifikia moja kwa moja nyumba ya mteja mmoja. IPv6, mfumo mpya ambao kila anwani yake ina biti (tarakimu za 0 na 1) 128 badala ya 32, iliandaliwa tangu miaka ya 1990 kuondoa uhaba huo.

Nilipompigia simu mtoa huduma wangu, nilijibiwa kwa upole kwamba ninaweza kulipia anwani ya kudumu kila mwezi. Kuhusu IPv6 sikupata jibu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ruta waliyonifungia wao wenyewe ina sehemu ya kuwashia IPv6, nami nimeiwasha, lakini mahali pa anwani pamebaki patupu. Fungu la anwani za IPv6 la ukubwa uitwao /56, yaani linalotosha mitandao midogo 256, lingenitosha kabisa, mradi lisibadilike kila umeme unapokatika na ruta kuwaka upya.