Msamiati wa juu wa Kiingereza kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa

Katika vikundi vya WhatsApp vya vijana wa Lubumbashi, huku Kongo, wanaotafuta kazi kwenye kampuni za migodi huzunguka orodha za maneno yanayoitwa Kiingereza cha wasomi: ubiquitous, quintessential, serendipity na mengine ya aina hiyo, kila moja likiwa na maana yake ya Kifaransa kando. Mimi hufasiri ripoti mchana na kufundisha Kiingereza jioni huko Kamalondo, mtaa wa jiji hili, kwa hiyo huulizwa mara nyingi kama orodha hizo zinasaidia. Maoni yangu ni kwamba zinawapa vijana wetu aina ya maneno ambayo tayari wanayo kwa wingi, huku maneno wanayoyakosa kweli yakiachwa bila kuguswa.

Aliyemaliza sekondari hapa kwetu amesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kiliingia ndani ya Kiingereza zamani sana. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari na kumshinda Mfalme Harold karibu na Hastings, na kwa vizazi kadhaa baada ya hapo wakubwa wa Uingereza walizungumza, wakahukumu na kutoza kodi kwa Kifaransa. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria iliyotaka kesi zijadiliwe kwa Kiingereza, kwa kuwa wananchi walikuwa hawaielewi lugha waliyohukumiwa nayo. Hata hivyo maneno yenyewe yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Justice, government, evidence na property yamebaki humo hadi leo, na baadaye wanazuoni wakaongeza mengine mengi kutoka Kilatini moja kwa moja. Ndiyo maana kijana wa Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, asiyeweza kuagiza chai kwa Kiingereza anaweza kusoma inevitable, ambiguity na deteriorate bila kufungua kamusi.

Urithi huo unaweza hata kupimwa. Mwaka 2000 Averil Coxhead, aliyefanya utafiti wake New Zealand, alitoa orodha ya familia 570 za maneno zinazojirudia katika maandishi ya kitaaluma, ambazo kwa pamoja huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi hayo. Familia hapa ni kama vile soma, msomaji, somo, usomaji na someka zinavyoweza kuhesabiwa kuwa kitu kimoja. Naye Paul Nation, mtafiti wa msamiati, mwaka 2006 alikadiria kwamba kusoma riwaya au gazeti bila msaada kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000, akichukulia kwamba msomaji anapaswa kuyajua maneno 98 katika kila 100. Idadi hiyo inatisha, lakini ninapoipitia orodha ya Coxhead darasani, sehemu kubwa hutambulika papo hapo: analyse, concept, constitute, define, distribute. Wanafunzi wa nchi nyingine hutoa jasho mahali ambapo wetu hupita wakicheka.

Kicheko hicho hukoma mapema, kwa sababu katika orodha hiyohiyo limo neno assume. Kwa Kifaransa, assumer ni kubeba jukumu. Kwa Kiingereza, assume kwa kawaida ni kuchukulia jambo kuwa kweli pasipo ushahidi. Mhandisi akiandika "I assume the safety of the team", akikusudia kwamba usalama wa kikosi uko mikononi mwake, msimamizi wake kutoka Zambia au Afrika Kusini atasoma kwamba mtu huyu anadhani tu kuwa kikosi kiko salama. Hali ni hiyohiyo kwa contrôler, ambalo kwetu ni kukagua: ripoti inayosema kwamba mitungi ya kuzimia moto "was controlled" haimwambii Mwingereza kama kuna mtu aliyeikagua, kwa kuwa kwake control ni kudhibiti. Katika mikataba, délai ni muda uliowekwa, lakini delay ni kuchelewa, na nimeona barua ambamo mteja alionekana kana kwamba anaomba acheleweshewe mzigo wake. Maneno ya namna hii ni hatari kuliko neno geni kabisa, kwa kuwa neno geni humfanya mtu asimame na kutafuta, ilhali haya hayampi sababu yoyote ya kusita.

Tatizo lingine ni la uzito wa maneno. Kwa Kifaransa commencer, yaani kuanza, ni neno la sokoni, lakini kwa Kiingereza commence ni la hati na sherehe. Descendre hutumika kwa kushuka katika basi, lakini anayesema "I descended from the bus" husikika kama hakimu aliyepotea njia. Msamiati wake ni wa juu kweli, ila uko juu mahali pasipotakiwa.

Basi, upungufu uko wapi? Uko katika maneno mafupi. Mwanafunzi wangu anajua tolerate, extinguish na propose, lakini akikutana na put up with, put out na put forward hushangaa, ingawa zinakaribiana sana na yale matatu na kazini ndizo zinazosikika zaidi. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haki ya kulalamika hapa. Mgeni anayejifunza lugha yetu huambiwa kwamba kupiga ni kumgonga mtu au kitu, kisha anakutana na kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura, kupiga magoti na kupiga chuku, na sisi tunamtazama kana kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alieleza mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na sijapata mwongozo bora kuliko huo. Mvua kubwa kwa Kiingereza ni heavy, wala si strong, japokuwa kahawa kali ni strong. Kuwa makini ni kulipa umakini, pay attention, wala si kuufanya kama ilivyo kwa Kifaransa. Kwa hiyo siruhusu daftari lenye safu mbili, neno upande huu na tafsiri upande ule. Naagiza iandikwe sentensi nzima, iliyochukuliwa kutoka katika ripoti, mkataba au habari ambayo mwanafunzi ameisoma mwenyewe, na kwenye sentensi hiyo apigie mstari kundi zima la maneno badala ya neno moja.

Kukumbuka ni kazi ya marudio yaliyopangwa kwa nafasi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoroka mapema sana, kisha kasi ya kusahau hupungua. Na mwaka 1972 Mjerumani Sebastian Leitner akaeleza njia ya visanduku, ambamo kadi uliyoijibu vizuri husogea kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, na uliyoikosea hurudi mwanzo. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo, lakini darasani kwetu tunakata kadi kutoka katoni za sabuni, kwa sababu kadi haihitaji chaji umeme unapokatika. Upande mmoja huwa na sentensi yenye pengo, na upande wa pili kundi la maneno linaloliziba.

Kuhusu usomaji sina mengi ya kusema, isipokuwa uwe mwingi na uanzie katika fani ya mtu. Fundi umeme asome miongozo ya mashine zake. Wakala wa forodha anayefanya kazi Kasumbalesa, mpakani, asome hati za upande wa Zambia, ambako Kiingereza ndicho lugha rasmi.

Linabaki sikio. Neno tulilolirithi kwa Kifaransa tunalitambua kwa macho, kisha likitamkwa linatupita, kwa maana Kifaransa huweka mkazo mwishoni, Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza huuhamisha kila mara. Karani wa mpakani akikuomba permit, yaani kibali, mkazo uko mwanzoni. Akisema kwamba sheria "does not permit", yaani hairuhusu, umehamia mwishoni. Kwa sababu hiyo, katika madaftari yetu silabi yenye mkazo huwekewa alama kabla maana haijaandikwa, na anayeleta neno jipya darasani hulitamka kwanza, wengine wakalirudia, ndipo mtu aruhusiwe kuuliza lina maana gani.