Paka keshamezwa: siku moja ya mkamata nyoka, Boko mpaka Bunju

Saa 11 alfajiri. Simu nyingi za chatu huingia muda huu, maana chatu huwinda usiku na mwenye nyumba hugundua pale anapotoka kufungulia maji, akakuta bakuli la paka limejaa vilevile kama alivyoliacha jana.

Leo ziko mbili, moja Boko, moja Bunju, huku Dar es Salaam. Masika ndivyo yalivyo: mabonde yanajaa, panya wanapanda kwenye nyumba za watu, chatu anawafuata. Paka hakuwa kwenye hesabu yake, wamekutana tu njiani.

Maswali ya kwenye simu ni yaleyale. Kichwa kiko upande gani? Amevimba wapi? Yupo mtu wa kumwangalia asipotee? Halafu picha, ila ipigwe kutoka hatua tano au sita kwa kukuza kwenye simu, siyo kwa kusogeza miguu. Kuna mtu aliwahi kutuma picha ya ulimi.

Mzigo wenyewe ni huu: kulabu mbili za chuma, magunia matatu ya kitambaa cha pamba yaliyoshonwa mara mbili (sandarusi hapana, linachubua pua ya nyoka na mshono wake hauaminiki), pipa la plastiki la lita 120 lililotobolewa matundu chini ya mfuniko, taulo, maji, sabuni, na miwani ya kazi kwa ajili ya swila anayetema mate. Koleo refu la kubania lipo, lakini chatu mkubwa hanyanyuliwi nalo. Uzito wote unaning'inia sehemu moja, mbavu zinavunjika, naye anakwenda kufia porini huku wewe unajisifu umemwokoa. Dereva wa bajaji ni mmoja siku zote. Wengine wakishajua kilichomo kwenye pipa, wanashusha mzigo barabarani.

Saa 1 na nusu, Boko. "Chatu mtoto" karibu na banda la mbwa, na kijana wa nyumba keshashika ndoo amchote. Picha ilitosha: ni kifutu. Mnyama wa nusu mita, mnene kama mkono wa mtu mzima, mkia mfupi uliokatika ghafla, na mgongoni alama za V zilizopangana kama vyeo vya koplo. Chatu wa urefu huo ni mwembamba, na juu ya kichwa ana doa jeusi lenye umbo la ncha ya mkuki. Kuwachanganya hawa wawili ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, maana chatu hana sumu na kifutu anayo ya kuozesha nyama. Mbwa wao mmoja alikuwa amevimba mdomo mpaka jicho limefumba. Hakuna kuchanja, hakuna kufunga kamba, hakuna kumwagia mafuta ya taa. Abebwe asitembee, apelekwe kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Kifutu aliingia pipani kwa kulabu ndani ya dakika tatu. Mbwa alikwenda kwa bodaboda, amepakatwa.

Foleni ya Tegeta sina la kusema.

Saa 4 kasoro, Bunju. Getini watu kama thelathini, nusu yao wameshika mawe. Ndani, kwenye kona ya ukuta, chatu amelala na uvimbe katikati ya mwili, kichwa kimechomekwa chini ya mikunjo. Pembeni yake kuna bomba la inchi 6 la kutolea maji ya mvua, limepenya ukuta kwenda bondeni. Maelezo yote yako hapo. Usiku aliingia kwa bomba hilo akiwa na tumbo tupu, akapita vizuri. Bakuli la paka liko barazani, hatua nne tu kutoka kwenye bomba. Kwenye midomo chatu ana vishimo vya kuhisi joto, kwa hiyo giza halimsumbui. Anatulia tu mpaka mnyama apite. Akishameza, bomba halimtoshi tena. Ndiyo maana watu huamka wakamkuta ukutani, siyo kwamba ana kiburi. Mlango umemkataa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na kisu?"

Mwenye nyumba ni mstaafu, fulana nyeupe, rungu mkononi. Paka wake, wa rangi ya chungwa, alikuwa na miaka sita. Hoja yake ni moja na hataki kuiacha: chatu apasuliwe, paka yumo mzima, amemsikia akilia.

Hakumsikia. Chatu haui kwa kuvunja mifupa kama wengi wanavyosimulia, wala hamezi kitu kinachopumua. Anauma kwanza, meno yake yamepinda kuelekea kooni, kisha anajizungusha na kubana mpaka damu haizunguki mwilini. Mnyama wa kilo nne anazimia ndani ya sekunde chache. Baada ya hapo ndipo anatafuta kichwa cha windo na kuanza kuvuta, upande mmoja wa taya, kisha wa pili, kama mtu anayevaa soksi iliyombana. Mpaka mkia wa paka unapopotea mdomoni, roho ina muda mrefu imetoka. Haya yote yanasemwa kwa upole, kwa sababu mtu aliyefiwa na paka wake hasikii fiziolojia.

"Sasa apasuliwe nimzike."

Hapo ndipo siku inapokwama. Jirani mmoja anataka mafuta ya chatu kwa ajili ya magoti ya mama yake. Mwingine anauliza bei ya ngozi. Bibi wa nyumba ya pili kaja na chumvi ya mawe, anasema huyu katumwa. Fundi uashi aliyeacha kazi yake anapendekeza petroli ndani ya bomba. Kila mmoja anajibiwa, na jibu linarudiwa kwa anayefuata: chatu analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ngozi yake ni nyara za serikali, ukikutwa nayo bila kibali unakwenda mahakamani, siyo kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Serikali ilikuwa wapi usiku paka wangu akiliwa?"

Sina jibu la hilo, na sijawahi kulipata. Mwenyekiti wa mtaa kaitwa, kaja, kasema "tusikilizane", kaondoka. Afisa wanyamapori kapigiwa, kakubali chatu ahamishwe, kasema atumiwe urefu, uzito na picha. Saa nzima imekatika na hakuna aliyeshika nyoka.

Wakati huo kipande cha tofali kikarushwa kutoka nyuma. Kilimpata chatu ubavuni.

Ambao hawajawahi kuona, wajue hivi: chatu aliyeshiba hawezi kukimbia wala kupigana vizuri, kwa hiyo akisumbuliwa sana anatapika ili awe mwepesi. Alitoa pumzi ndefu kama tairi linalotolewa upepo, akanyoosha shingo, mdomo ukafunguka, misuli ikaanza kusukuma kurudi mbele. Paka alimezwa kichwa kwanza, kwa hiyo kinachotangulia kutoka ni mkia na miguu ya nyuma. Manyoya yameshikana kwa ute, mwili umenyooka mwembamba kama kitambaa kilichokamuliwa. Rangi ya chungwa bado inaonekana. Harufu tuiache.

Kelele zote zilikatika. Dada wa kazi akaingia ndani, akatoka na kanga, akamfunika. Mzee akaweka rungu chini.

Kutoka hapo kazi ni ya dakika kumi. Kwa chatu wa zaidi ya mita tatu wanatakiwa watu wanne, mmoja kwa kila mita hivi, na wanachaguliwa wale walionyamaza. Anayesema "mimi siogopi" ndiye atakayeachia mkia. Taulo lenye unyevu juu ya kichwa kwanza, maana asipoona anatulia. Kulabu inakandamiza shingo kidogo tu, mkono unashika nyuma ya taya, kidole gumba upande mmoja, vidole upande wa pili, bila kukaba. Wengine wanabeba mwili umenyooka, kiunoni, kamwe siyo begani wala karibu na shingo ya mtu. Akijizungusha mkononi, usivute: mtu wa mkia ndiye anayefungua, kuanzia nchani kuja mbele, kwa sababu nguvu za mkiani ni ndogo. Gunia linapokea mwili kwanza na kichwa mwisho. Mdomo wa gunia unasokotwa, unakunjwa, unafungwa kamba juu ya fundo, kisha gunia zima linaingia pipani. Gunia peke yake halitoshi, chatu atasukuma mshono kwa pua usiku kucha.

Mita 3 na sentimita 40. Kilo 21 baada ya kutoa uzito wa gunia kwenye hesabu.

Kuhusu malipo, ilikuwa mafuta ya bajaji na posho ya vijana watatu, bei iliyotajwa kwenye simu alfajiri. Mzee akaangalia pipa, akaniangalia.

"Nyoka unaondoka naye wewe, halafu mimi nikulipe?"

Tuliachana kwa ahadi ya kutumiwa jioni kwa simu.

Kabla ya kuondoka, uwanja ulikaguliwa, na hapa ndipo ungetegemea watu wasikilize, lakini wamechoka na jua limekaza. Kando ya ukuta wote kumemwagwa oili chafu. Barazani kuna vidonge vyeupe vya kabatini, vile vya kufukuzia nondo. Oili chafu haimzuii chatu, inaharibu udongo na kisima. Vidonge ni sumu kwa paka na mbwa kuliko kwa nyoka. Wakivilamba vinaharibu damu na ini. Salfa, vitunguu saumu, tairi la kuchoma, vyote ni pesa ya bure. Kinachozuia ni waya. Bomba lifungwe upande wa nje kwa wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, ule uliochomelewa, siyo waya wa kuku. Waya wa kuku wa tundu la inchi 2 unampitisha chatu mdogo mpaka ndani ya banda, anakula, anashindwa kutoka, unamkuta asubuhi kavimba kati ya vifaranga. Banda la sungura au la mbwa mdogo: wavu uingie ardhini sentimita 30 na ukunjwe kuelekea nje. Chini ya geti upenyo usizidi kidole. Nyasi zikatwe, matofali na mbao visirundikwe ukutani. Na bakuli la chakula lisilale nje, kwa sababu linaita panya, na panya anaita huyu tuliyembeba. Paka na mbwa wadogo waingie ndani jua likizama, watoke kukipambazuka. Hilo moja tu linapunguza nusu ya simu zangu, lakini ndilo gumu kuliko yote; watu wanasema paka ni wa kuwinda usiku.

Sijui ilikuwa saa ngapi hapo, saa 8 labda. Chakula kilikuwa mihogo ya kuchoma iliyopoa. Pipa lilikaa chini ya mwembe likimwagiwa maji kila baada ya muda, maana joto la pipa lililoachwa juani linaua nyoka haraka kuliko mawe ya wale vijana. Kibali cha maandishi kikaja kwenye simu alasiri.

Jua likiwa linashuka tulikuwa pembeni ya Pori la Akiba Pande. Haachiwi mbali na alikotoka. Chatu aliyepelekwa eneo geni hajui maji wala mashimo, anazunguka hovyo na kuishia barabarani. Gunia linalazwa karibu na kichaka na maji, kamba inafunguliwa, pembe za chini zinainuliwa taratibu kwa kulabu, watu wamesimama nyuma. Huyu alitoa ulimi mara mbili tatu, akajimimina nyasini. Kifutu aliachiwa mbali naye, sehemu kavu.

Nguo zina harufu ya mkojo wa nyoka, na bajaji haina taa moja.

Usiku, nadhani saa 3, simu ya Mbweni. Sauti ya mama, nyuma mbwa analia. Chatu amemshika mbwa sasa hivi, uani. Kwa simu unaweza kusema mambo machache tu: mama, usiende peke yako. Wawe watu wazima wawili au watatu, mmoja amulike. Msimpige, akipigwa anabana zaidi. Msimvute mbwa, meno yale yatamchana. Tafuteni mkia, fungueni kuanzia mkiani, mzunguko mmoja mmoja, bila kuacha. Kikapita kimya cha pumzi mbili tatu, nasikia watu wakihema. Kisha kishindo, na mtu anapiga kelele "kaachia!"

Mbwa alikuwa mkubwa, ndiyo pona yake. Chatu aliingia mtaroni mwenyewe. Lakini mbwa aliyetoka kwenye mbano asilale nyumbani hata akitingisha mkia: mbavu zinaweza kuwa zimevunjika na mapafu yanavuja damu polepole. Angalieni fizi, zikipauka au akihema kwa tumbo, ni hatari. Vidonda vioshwe kwa maji mengi na sabuni, na daktari wa mifugo aamshwe, asisubiri asubuhi.

Magunia yamefuliwa na kuanikwa. Karibu saa 5 ikaingia picha kutoka Bunju: bomba la inchi 6 limezibwa kwa tambara na jiwe. Chini yake maandishi, "Kijana, hii inatosha?"

Haitoshi, mzee. Mvua ikinyesha maji yatarudi uani, utatoa tambara mwenyewe, na bomba litakuwa wazi. Weka wavu wa nusu inchi, ufunge kwa skrubu ili uweze kuutoa kusafisha majani.

Akajibu kwa kidole gumba. Pesa ya mafuta hajatuma.