Siku tano za kuchomoa kebo Mbeya

Mwishoni mwa Juni nilipanda basi la asubuhi kutoka Iringa kwenda Mbeya kuhudhuria mafunzo ya vitendo ya siku tano kwa wasimamizi wa seva pepe. Wenzangu kadhaa wa fani hii wameniuliza kama safari ile ilikuwa na maana kwa mtu ambaye kazi hiyo anaifanya kila siku, na nimeona heri niwajibu kwa maandishi mara moja kuliko kumjibu kila mmoja kwa simu. Ilikuwa na maana, kwa sababu kwa miaka sita nimekuwa nikisimamia mfumo ambao sikuwahi kuuangusha kwa makusudi, na pale Mbeya kazi yetu kubwa ilikuwa ni hiyo ya kuuangusha.

Kwa asiye wa fani, nieleze kidogo. Ofisini kwetu tuna seva mbili za chuma, na ndani yake zinaishi mashine pepe kumi na nne: ya uhasibu, ya mishahara, ya barua pepe, ya kumbukumbu za wateja na nyinginezo. Kila moja inajiona ina prosesa, RAM na diski yake, ilhali vyote hivyo vinagawiwa na programu iitwayo haipavaiza, kama mwenye nyumba anavyowagawia wapangaji maji ya bomba moja. Wazo lenyewe si la jana, maana IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 kwa kompyuta zake kubwa mwaka 1972, na KVM, ambayo ndiyo msingi wa mifumo mingi ya leo, iliingia kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2007. Faida yake inajulikana na sina haja ya kuirudia. Hasara yake ni kwamba chuma kimoja kikilala, wapangaji saba wanalala nacho.

Tulikuwa washiriki tisa, tukagawanywa makundi matatu, na kila kundi likapewa kompyuta tatu za mezani zilizokwishatumika, zenye RAM ya GB 16 kila moja, pamoja na swichi moja ya kuunganishia mtandao na lundo la kebo. Mshiriki mmoja aliuliza kwa nini tusifanye mazoezi yote kwenye kompyuta mpakato, kwa kuwasha mashine pepe ndani ya mashine pepe, jambo ambalo kweli linawezekana na wengi hujifunza hivyo nyumbani. Mwalimu, ambaye tulimwita hivyo ingawa wengi wetu tulimzidi umri, akamjibu kwa swali: "Kaka, kwenye laptopu utachomoa nini?" Nilidhani ni mzaha. Kufikia jioni ya siku ya pili nilikuwa nimeshaacha kudhani hivyo.

Programu tuliyotumia ni Proxmox, inayotengenezwa Vienna nchini Austria tangu mwaka 2008 na ambayo haimdai mtu leseni ili aitumie. Uchaguzi huo haukumshangaza yeyote. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, watengenezaji wa haipavaiza iliyokuwa ikitumiwa na wengi, tarehe 22 Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, na tangu hapo ofisi nyingi ndogo, yetu ikiwemo, zimekuwa zikihama. Kusimika mfumo kulitumia siku ya kwanza nzima, na sina la kusema juu ya siku hiyo isipokuwa kwamba baridi ya Mbeya mwezi wa sita haina mzaha.

Siku ya pili tuliunganisha kompyuta zetu kuwa klasta, yaani kundi linalofanya kazi kama mfumo mmoja na kuamua mambo kwa kura, kila moja ikiwa na kura moja, na Mwalimu akatuagiza tuanze na kompyuta mbili tu. Dada mmoja aliyetoka Njombe akachomoa kebo ya mtandao ya kompyuta ya pili, nasi tukaitazama ya kwanza, ambayo ilikuwa nzima, ina umeme, na mashine zake pepe zinaendelea na kazi. Tukajaribu kuwasha mashine pepe nyingine, ikakataa. Tukajaribu kubadili mpangilio mdogo tu wa RAM, ikakataa. "Haina akidi," Mwalimu akasema, na hapo kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa SACCOS akaelewa bila maelezo marefu. Wajumbe wakiwa wawili, wingi wa kura ni mbili, kwa hiyo asipofika mmoja, aliyebaki hana mamlaka ya kuamua lolote hata kama ana akili zake timamu, kwa sababu hana njia ya kujua kama mwenzake amekufa au ni njia tu iliyokatika. Kila mmoja akijiamulia peke yake, wanaweza wote wawili kuiwasha mashine ileile na kuandika kwenye diski moja kwa wakati mmoja, na data ikiharibika kwa namna hiyo hakuna fundi wa kuitengeneza.

Tulipoongeza kompyuta ya tatu na kuwasha huduma ya kuhamisha mashine zenyewe pindi seva inapoanguka, tukachomoa tena. Safari hii kompyuta iliyotengwa, ilipoona haina wenzake, ilijizima na kujiwasha upya baada ya kama dakika moja, na baada ya muda kidogo mashine yake pepe ikaamka kwenye kompyuta ya jirani. Yule dada alikuwa akihesabu sekunde kwa sauti na sisi wengine tukiwa tumenyamaza kama watu wanaosubiri matokeo. Mimi nilikuwa nawaza seva zetu mbili za Iringa. Niliziunga kuwa klasta mwaka jana, nikatoa taarifa kwamba sasa tuko salama, kumbe moja ikianguka, ile nyingine itabaki kama mwenyekiti aliyekaa mbele ya viti vitupu. Tiba yake haikuhitaji kununua seva ya tatu, maana kifaa chochote kidogo kinachoweza kuendesha Linux kinatosha kushika ile kura ya tatu. Kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo ya ofisi yetu sasa inafanya kazi hiyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya snapshoti, yaani alama ya hali ya mashine unayoweza kuirudia mambo yakiharibika, na hapa lazima nikiri kosa langu la mwaka 2022, wakati bado tunatumia mfumo wa zamani wa VMware. Kabla ya kupandisha toleo la programu ya uhasibu nilichukua snapshoti, kazi ikaenda vizuri, nikaenda zangu nyumbani nikiwa na furaha na kuisahau kwa miezi minne. Watu wengi hudhani snapshoti ni picha iliyopigwa na kuwekwa kabatini. Kinachotokea hasa kwenye mfumo ule ni kwamba diski ya awali hugandishwa isiandikwe tena, na kila badiliko jipya huandikwa kwenye faili la pembeni, na faili hilo hunenepa kila siku hadi linaweza kufikia ukubwa wa diski yenyewe. Jumatatu moja asubuhi hifadhi yetu ilijaa mpaka pomoni na mashine zote zilizoitumia zikasimama kwa pamoja, huku mhasibu akinipigia simu kuuliza kama intaneti imekatika. Kuifuta haikuwa rahisi pia, kwa sababu kufuta snapshoti maana yake ni kuyarudisha mabadiliko yote ya miezi minne ndani ya diski ya awali, na kazi hiyo ilitula hadi usiku. VMware wenyewe hushauri snapshoti isizidi saa 72. Nilikuwa nimelisoma shauri hilo, na kulisoma hakukunisaidia.

Mbeya tuliijaza hifadhi kwa makusudi. Tulitengeneza mashine pepe tatu tukaziahidi diski kubwa kuliko nafasi iliyopo, jambo ambalo mfumo hulikubali bila kunung'unika kwa kuwa nafasi hutolewa kidogo kidogo kadiri inavyotumika, kisha tukamimina mafaili makubwa ndani ya kila moja. Kitu nilichokiona kwa macho yangu, na ambacho sitakisahau, ni kwamba ndani ya mashine pepe asilimia ya nafasi iliyobaki ilikuwa bado inasoma 40 wakati chini yake hifadhi halisi ilikuwa imekwisha na maandishi ya hitilafu yameanza kutambaa kwenye skrini. Mpangaji anasema tangi limejaa, na bomba limekauka.

Katika mapumziko ya siku hiyo yalizuka mabishano kuhusu viyoyozi. Huku Nyanda za Juu Kusini mabosi wengi huamini kwamba baridi yetu inatosha na chumba cha seva hakihitaji kiyoyozi, kinachotakiwa ni kufungua dirisha. Viwango vya ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, vinavyofuatwa na watengenezaji wengi wa seva za kawaida huruhusu joto hadi nyuzi 35, lakini ukivuka mita 900 kutoka usawa wa bahari unapunguza nyuzi moja kwa kila mita 300, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi na hubeba joto kidogo. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700, kwa hiyo kikomo chake ni kama nyuzi 32, na chumba kidogo kilichofungwa chenye seva nne hufika huko hata Julai. Kuhusu dirisha, mshiriki mmoja alituonyesha kwenye simu feni ya seva yao iliyovaa vumbi la kiangazi, laini na jekundu, unaweza kudhani mtu amemwaga ugoro.

Somo la nne, la kugawa RAM na prosesa, nilikuwa nalifahamu kiasi, isipokuwa zoezi moja la kuipunguzia mashine pepe prosesa kutoka nane hadi mbili kwenye seva yenye msongamano, na mashine ikaenda haraka zaidi. Usalama ulipewa saa moja tu, na hapa nawalaumu waandaaji waziwazi, kwa sababu anayeiteka haipavaiza huwa amewateka wapangaji wote kwa mkupuo. Februari 2023 wimbi la ESXiArgs, programu hasidi ya kudai fidia, lilifunga kwa ufunguo maelfu ya seva za ESXi, haipavaiza ya VMware, duniani kupitia udhaifu ambao marekebisho yake yalikuwa yametolewa tangu Februari 2021. Jambo la namna hiyo lilistahili siku nzima.

Siku ya mwisho kila kundi lilifutiwa mashine moja na kutakiwa kuirudisha kutoka kwenye bekapu, saa ikiwa mezani. Kundi letu liliirudisha vizuri, likaiwasha, na papo hapo darasa zima likapoteza huduma moja, kwa sababu mashine iliyorudishwa ilikuja na anwani ileile ya mtandao ya mashine iliyokuwa hai kwenye kundi jirani. Mwalimu alikuwa ametuonya asubuhi kwamba katika jaribio uichomoe kwanza kadi pepe ya mtandao ndipo uwashe. Tulikuwa tumeitikia kwa vichwa.

Niliporudi Iringa niliomba ruhusa ya kufanya jaribio hilo Jumamosi kwenye mfumo wa mishahara. Nilirudisha mashine nzima mahali pa pembeni, kadi ya mtandao ikiwa imechomolewa, na nikakaa kusubiri. Kwa miaka yote nilikuwa nimeuambia uongozi kwamba likitokea la kutokea, mishahara itarudi hewani ndani ya nusu saa, na sikumbuki kabisa nusu saa hiyo niliitoa wapi. Diski ya bekapu ni ya zamani na inasomwa kupitia swichi yenye kasi ndogo, kwa hiyo nilikula chakula cha mchana pale pale kwenye chumba cha seva, nikavaa koti, na bado mstari ule wa kijani ulikuwa haujafika nusu.

Jumatatu nilikwenda kwa mkurugenzi wetu. "Shikamoo mama. Ile nusu saa niliyokuambia kuhusu mishahara si kweli."

"Marahaba. Sasa ukweli ni upi?"

"Saa tano na dakika arobaini."

Akainua macho akatazama saa ya ukutani, iliyokuwa inakaribia saa tatu, akidhani namtajia wakati wa kikao. Ikabidi nimweleze kwamba hapana, hizo ni saa za kusubiri. Akavuta kiti kingine, akaniambia nikae, tukaanza kuandika ombi la diski.