Grafu ya mwenyekiti na grafu yetu

Jumatano, usiku.

Kikao cha leo na mteja kimeniacha nikiwaza habari za grafu. Mama mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo tunachokitengenezea mfumo wa kompyuta aliitazama grafu ya kazi iliyobaki, mstari umelala tu, akauliza, "Wanangu, kwani mlikuwa likizo?"

Vijana wa timu yangu hawakuwa likizo. Sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi tuliyojipangia, ilianza na pointi 40 (makadirio yetu ya ukubwa wa kazi), wakamaliza 12. Katikati chama kikaomba ripoti ya gawio na ujumbe wa simu kwa wadhamini, pointi 10 nyingine. Arobaini toa 12, jumlisha 10, zimebaki 38. Jasho la wiki nzima likaonekana ni pointi mbili.

Nikachora nyingine ubaoni, grafu ya kupanda, kwa kalamu mbili. Chini mstari wa kijani, kazi iliyokamilika, kutoka sifuri hadi 12. Juu mwekundu, kazi yote inayotakiwa, umetulia kwenye 40 halafu umeruka hadi 50. Mwenyekiti aliufuata ule mwekundu kwa kidole, akaishia pale uliporuka. "Hapa ndipo tulipowaongezea." Ndiyo, mama. Hapo tukaanza kujadili kama ripoti ya gawio inaweza kusubiri.

Sina ugomvi na grafu ya kushuka, ile ya kazi iliyobaki. Ndani ya wiki mbili, kama hakuna anayeongeza kazi, inatosha kabisa. Ila wapo wanaoishika kama msahafu, ilhali Mwongozo wa Skrum, utaratibu wa kazi unaofuatwa na timu kama yetu, uliacha kuilazimisha tangu 2011, na toleo la 2020 linaitaja kama njia mojawapo tu, sambamba na ya kupanda na ya mtiririko.

Hiyo ya mtiririko ni yetu wenyewe, mteja haimhusu. Kila hatua ya kazi ina utepe wake wa rangi, na unene wake ni idadi ya kazi zilizopo hapo. Utepe wa majaribio ukianza kunenepa, ujue msimbo wa programu unaandikwa haraka kuliko unavyopimwa. Hesabu yake ni ile aliyoithibitisha mtafiti John Little mwaka 1961: kazi 18 zikiwa mikononi, na timu ikimaliza 3 kwa siku, basi kila kazi itakaa wastani wa siku 6. Kufoka hakusaidii. Dawa ni kuanzisha kazi chache, au anayeandika msimbo akae akapime wa mwenzake (hawapendi, najua).

Ile ya kasi, yenye nguzo za pointi za kila sprinti, haitoki nje ya timu. Bosi akiiona atataka nguzo ijayo iwe ndefu zaidi, na itakuwa ndefu kweli, maana makadirio ni yetu: kazi ya pointi 3 itaandikwa 5, na mfumo utabaki palepale.

Kesho nampelekea mwenyekiti grafu ya kupanda peke yake, ukurasa mmoja, na tarehe mbili za kumaliza: pamoja na gawio, na bila gawio. Achague.