Usiku ninja yule yule alipotujia mara mbili

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la sita, na pale kwetu Makorora kulikuwa na banda la video nyuma ya nyumba ya mtu, kuta mabati, juu makuti, madirisha yamezibwa na magunia ya katani ili mwanga usiingie na sisi wapiga chabo tusione kitu. Tanga ya wakati huo gunia la katani ulikuwa hulikosi. Kiingilio shilingi 50, mikanda miwili. Hamsini kwa mtoto wa shule ilikuwa hela, ndo hiyo hiyo ya muhogo wa kukaanga na pilipili, kwa hiyo ukiingia kideo ujue muhogo umeusamehe.

Ijumaa hiyo nje wamebandika boksi lililochanwa, limeandikwa kwa mkaa LEO NINJA MIKANDA MIWILI MIPYA. Basi tukajaa. Watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye mabenchi, na benchi la mwisho kabisa alikaa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye enzi zake alikuwa anaendesha projekta pale Majestic mjini. Mjomba alikuwa anakuja bandani kulalamika tu, ati hii si sinema hii ni kisanduku, picha ndogo kama leso, lakini kila Ijumaa yumo.

Mkanda wa kwanza mnaoujua mtaukumbuka nikisema tu simu. Stelingi ni mzungu wa makamo, ana masharubu, kavaa nguo za ninja za mabakamabaka kama mwanajeshi, na kichwani kafunga kitambaa kilichoandikwa NINJA, sijui aliogopa tutamdhania daktari. Halafu simu yake ya nyumbani ina umbo la paka wa rangi ya chungwa, yule Garfield wa kwenye katuni, na anaongea nayo kwa sura ya kazi kabisa wala hacheki. Upande wa pili kuna kijana wa Kiasia anapiga watu mateke mazuri mno, na adui wake kavaa wigi la njano. Sie hatukuona tatizo lolote. Tulipiga makofi, tulisimama, mtoto mmoja akapigwa kibao na kaka yake kwa kuziba tivii.

Tatizo likaja mkanda wa pili. Jina jingine, mwanzo mwingine, watu wengine kabisa, tukatulia. Mara hata nusu saa haijafika, huyo mzungu, masharubu yale yale, kitambaa kile kile, anapigana msituni kwenye moshi na mtu ambaye kila mmoja wetu anaapa tumemwona kachinjwa saa moja iliyopita. Kimya kidogo. Halafu mtu akauliza kwa sauti, "Huyu si kashakufa huyu?" Mwingine akajibu ninja hafi, mwingine akasema acheni ujinga huu mkanda ni ule ule umegeuzwa jina, na hapo pakachafuka. Jamaa mmoja kuli wa bandarini akasimama mbele ya tivii akasema hatoki mtu humu mpaka hela irudi. Mwenye banda maskini ya Mungu anaapa wallahi mikanda ni miwili, anainua majalada yote mawili juu kama mtu anayeuza samaki mnadani, na kweli yalikuwa mawili, picha tofauti majina tofauti, lakini nani anasikiliza.

Mjomba akapita katikati ya watu taratibu, akamwambia yule kuli, "Mwanangu kaa kitako." Kuli akamwambia, "Shikamoo mzee, lakini tumeibiwa." Mjomba akasema marahaba, hamjaibiwa, mmepunjiwa hesabu tu, mnasema mmeona picha moja mara mbili, mie nawaambia usiku huu mmeona picha nne.

Akamwomba mwenye banda arudishe ule mkanda wa kwanza kwenye deki, akaurudisha nyuma mpaka kwenye ile simu ya paka. Akasema tazameni. Mzungu anaongea, ukuta mweupe, picha kali. Inakatwa, anajibu yule kijana, picha imefifia kidogo, rangi nyingine, nguo za staili nyingine. Akarudisha tena. Mzungu. Kijana. "Hawa mnawaita marafiki, nionyesheni pahala wamekaa chumba kimoja." Wallahi banda zima tukaanza kutafuta. Hakuna. Hawajawahi kupeana hata mkono, ni simu tu, simu tu. Mjomba akasema huyu bwana aliyeitengeneza kachukua picha ya mtu mwingine, kakata, kapiga ya kwake kidogo na mzungu, kaunga kwa simu, na akishamaliza vile vipande vya mzungu havitupi, anavipeleka kwenye picha nyingine. Mie Majestic nimekata na kuunga ukanda uliokatika miaka na miaka, nikiona pahala pameungwa napajua, na huyu (akagonga kioo cha tivii na ukucha) huyu ni fundi.

Nusu ya watu wakacheka, nusu wakazidi kukasirika maana sasa wameambiwa wamedanganywa mara nne. Suluhu ikawa mwenye banda aweke mkanda wa tatu bure. Akaweka wa Sho Kosugi, yule mwigizaji Mjapani, ninja mwenyewe wa haki, na katikati umeme ukakatika, tukarudi nyumbani gizani tunarushiana mateke.

Miaka ilivyokwenda, intaneti ilipofika nikaja kumtafuta huyo fundi, nikampata, jina lake Godfrey Ho, wa Hong Kong. Na hapo ndo nikashangaa, maana nilitegemea nikute tapeli wa mtaani, kumbe jamaa kapita chuo kikubwa kabisa cha kazi ile, alianza Shaw Brothers, kampuni kubwa ya filamu ya Hong Kong, kama msaidizi wa Chang Cheh, yule mwongozaji mkubwa wa filamu za mapanga, na msaidizi mwingine wa mzee huyo huyo alikuwa John Woo. Jungu moja walikula, mmoja akaishia Hollywood kumwongoza Tom Cruise na mwingine akaishia kwenye simu ya paka. Na si kwamba hakujua kazi, zile kung fu zake za mwanzo kabla ya uninja ni filamu za kawaida kabisa, zimenyooka, teke linaanza na linaisha unaliona.

Kilichomgeuza ni soko. Filamu ya Marekani ya mwaka 1981, Enter the Ninja, ilizua homa ya ninja, na majumbani deki za video zimeingia, kila mtu anataka mkanda. Kampuni ya IFD ya Joseph Lai, aliyokuwa anaifanyia kazi, inazo filamu za bei poa za Korea, Taiwani, Tailandi na Ufilipino ambazo mnunuzi wa Ulaya hana habari nazo. Basi mchukue mzungu, mvishe, mpige picha siku chache, muunge humo, sauti zote ziingizwe upya kwa Kiingereza ili midomo iseme hadithi mpya, jina jipya, lenye neno ninja, imekwisha. Yule mwenye masharubu ni Richard Harrison, Mmarekani aliyewahi kuwa na jina Italia kwenye filamu za wababe wa kale na za kauboi, na mwenyewe alikuja kulalamika kwamba alikubali filamu chache tu akajikuta yumo kwenye rundo. Kwa hiyo usiku ule Makorora hatukuwa peke yetu tuliopunjwa, hata stelingi alikuwa na madai.

Filamu zake zinapita 100, na nimeziona nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nyingi mbovu. Zipo ambazo hata kuunga hakuunga vizuri, mtu anachungulia dirishani mchana na anachokiona nje ni usiku. Lakini ile ya simu, na nyingine mbili tatu, mie bado nasema kuna akili mule, kumfanya mtu wa Seoul na mtu wa Hong Kong ambao hawajawahi kuonana wagombane, wapatane, na banda zima la watoto wa Tanga liamini, hiyo si kazi ya mpumbavu. Watu wanamcheka kwa sababu viraka vinaonekana. Sie viraka hatukuviona mpaka tulipoonyeshwa.

Baadaye, miaka ya 90 mwanzoni, akapata nafasi ya kwenda kupiga Marekani, filamu nzima ya kwake bila kuazima, na Cynthia Rothrock bingwa wa karate wa kweli. Undefeatable, 1993, kwenye majina kajiandika Godfrey Hall. Hapa ungetegemea ndo aonyeshe alichofichwa na umaskini wa bajeti. Kumbe hola, hadithi inajikokota, waigizaji wanapiga kelele hovyo, kinachokumbukwa ni pambano la mwisho tu, midume miwili inatunishiana misuli na kukoromeana mpaka jicho la mtu linatoboka, na watu mtandaoni wameliangalia mamilioni kwa kicheko. Mie nalipenda lile pambano, siwezi kukana.

Mwaka 2014 nikarudi Tanga, mjomba kashazeeka, miwani mizito, anakaa barazani na kahawa. Nikamwonyesha pambano lile kwenye simu, nikamweleza yule fundi wako wa ile Ijumaa ndo huyu hapa. Akashika simu mbali na uso, akaangalia mpaka mwisho bila kucheka hata mara moja.

"Hii kaipiga yote mwenyewe?"

"Yote, mjomba."

Akanirudishia simu. "Afadhali angeazima."