Nilivyoiandaa nyumba ya mama, Soweto ya Moshi, hadi ikapata mnunuzi

Mwezi wa tano mwaka juzi dalali alileta wateja wa kwanza kuiangalia nyumba ya mama pale Soweto, Moshi. Mama alikuwa ameambiwa tangu jana yake. Alichemsha chai ya maziwa, akapanga mezani vile vikombe vya maua ambavyo kwa kawaida hutoka kabatini Krismasi tu, akakaa karibu na dirisha kusubiri. Gari likasimama nje ya geti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mtaro umefurika, tope limetapakaa hadi kwenye ngazi za baraza. Mume alishusha kioo, akatazama, wakasemezana na mkewe, akapandisha kioo. Dalali akaja mbio kutuambia wana haraka, watarudi kesho. Mama alivirudisha vikombe kabatini, kimoja kimoja, bila kusema neno.

Jioni yake dalali alinipigia simu kunishauri tushushe bei. Tulikuwa tumetaja milioni 110. Yeye alisema kuna mtu anaweza kutoa 65 taslimu, tumalizane. Nilikataa. Wale watu hawakuona vyumba vitatu, hawakuona sakafu ya terazo ambayo baba aliisimamia mwenyewe mwaka 1988, hawakujua kuwa kiwanja kina hati. Walichokiona ni geti na tope. Mtu hawezi kukupangia bei ya kitu ambacho mteja hajakiona.

Niseme kwa nini tulikuwa tunauza. Mama ana miaka 74 na alitaka kurudi Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alikozikwa baba. Kihamba hakiuzwi, hilo halina mjadala kwetu. Nyumba ya mjini inauzwa, na fedha yake ingeezeka upya nyumba ya kule juu na kumjengea choo cha ndani. Mirathi ya baba ilishafungwa zamani, hati iko kwa jina la mama, na sisi watoto wanne tulikubaliana mapema kabla dalali yeyote hajaitwa. Mimi nafanya kazi Arusha, kama kilomita 80 kutoka Moshi, kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita kila Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye basi.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kwa mama mwenyewe. "Mwanangu, hela yote hiyo nipake rangi nyumba ya watu?" Hatukubishana naye. Mdogo wangu alimshika mkono, wakatoka nje, wakavuka barabara, wakasimama palepale lile gari liliposimama. Mama aliangalia kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa imepita miaka mingi hajaitazama nyumba yake kutoka ng'ambo. Michongoma ilikuwa imeota kupita kimo cha mtu na kuificha nyumba hadi madirishani. Bati lilikuwa la kahawia. Geti lilikuwa limeshuka upande mmoja, ukitaka kulifunga lazima ulinyanyue kwanza kwa mikono miwili. "Kumbe bati limekuwa hivi?" akauliza. Kesho yake asubuhi alinipigia simu akaniambia nimtafute fundi.

Nianze na ukuta wa mbele, maana hapo ndipo tulipopoteza fedha. Chini ya dirisha la chumba cha mama rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, eneo kama la kitanda cha sita kwa sita. Kijana mmoja alikwangua juu juu, akapaka mikono miwili ya rangi ya maji, ukuta ukang'aa, nikamlipa. Wiki ya tatu ulikuwa umevimba tena. Nikamtafuta fundi mtu mzima, wa siku nyingi. Huyu hakuja na brashi. Alibonyeza ukuta kwa dole gumba, plasta ikaingia ndani kama andazi, na alipoikwangua ikamwagika chumvi nyeupe laini kama unga. Kisha akainama kwenye bustani ya maua, akachimba kwa mkono pale udongo unapogusa nyumba. "Dada, maji yanatoka huku chini, rangi itakaaje?"

Miaka yote mama alikuwa akiongeza udongo na mbolea kwenye maua yake yaliyopandwa kuambaa ukuta, hadi udongo ukapanda juu ya ule mstari wa lami na nailoni ambao mafundi huuweka juu ya msingi kuzuia unyevu. Unyevu ukawa unauruka mstari na kuingia kwenye tofali. Juu yake gata ilikuwa imetoboka palepale, kila mvua ikimwaga maji kwenye ukuta uleule. Tulihamisha maua, tukashusha udongo sentimeta 30 hivi, tukaweka kokoto mahali pake, tukabadilisha gata. Halafu tukabandua plasta yote iliyolainika na kuuacha ukuta wazi wiki tano. Ilikuwa Juni kuingia Julai, Moshi ni baridi na mawingu lakini mvua ni chache, na upepo unasaidia kukausha. Mama hakuipenda hali ile, ukuta uko uchi na majirani wanapita. Fundi alikuwa anakuja kila Jumatatu anauwekea kiganja, anasema bado. Aliporidhika ndipo akapiga plasta mpya, akaiacha nayo ikauke, akapaka rangi ya kwanza ya kuzibia, kisha mikono miwili ya rangi ya nje. Umepita msimu mzima wa masika tangu hapo na ukuta haujavimba.

Ningeweza kuupaka rangi tena wiki moja kabla ya mteja kuja, akanunua bila kujua. Wako wanaofanya hivyo. Mama aliniambia waziwazi kuwa hataki mtu amlaani akiwa Kibosho.

Rangi yenyewe tulichagua krimu, na chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa goti, tukapaka mkanda wa kahawia iliyokolea kwa rangi ya mafuta. Kwa Moshi mkanda huo ni wa lazima. Mvua ikipiga ardhi, udongo unaruka ukutani, na rangi ya maji haioshwi ikatakata. Ya mafuta unaifuta kwa kitambaa. Bati hatukulibadilisha. Fundi alipanda akalikagua akasema halijatoboka, ni kutu ya juu tu, basi vijana wawili walilisugua kwa brashi ya waya siku mbili, wakapaka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati ya kijani. Geti nalo lilipigwa msasa na kupakwa nyeusi, likachomelewa bawaba mpya, likatiwa grisi. Likawa linafungwa kwa kidole kimoja.

Michongoma ilitupa zawadi ambayo hatukuitarajia. Tulikuwa na hofu ya kuikata kwa sababu ya usalama, kwa hiyo pembeni na nyuma tuliiacha mirefu na kuinyoosha tu. Ya mbele tuliishusha hadi usawa wa kifua. Vijana walifanya kazi siku mbili wakiwa na glavu za ngozi, maana mwiba wa mchongoma unapita ndala kama sindano. Siku ya pili, kwenye kona ya kaskazini, panga likagonga saruji. Ilikuwa bikoni, ile alama ya saruji ya mpaka wa kiwanja. Ile bikoni ya nne tuliitafuta miaka na miaka, hata baba alifariki akidhani ilizikwa wakati barabara inachongwa. Tuliisafisha namba yake ikasomeka, zote nne tukazipaka chokaa nyeupe. Wateja wote waliokuja baadaye, kabla ya kuulizia jiko walikuwa wanauliza bikoni ziko wapi, na mama alikuwa anawapeleka mwenyewe, kona hadi kona.

Lakini zawadi kubwa ilikuwa mlima. Nyumba inatazama kaskazini. Michongoma iliposhuka, Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifungua mlango wa mbele nikaiona Kibo yote, kilele cha Kilimanjaro, theluji na kila kitu, kutoka kwenye kiti cha barazani. Nilikua kwenye nyumba ile na sikumbuki kuiona hivyo tangu nikiwa darasa la tatu. Tukaamua pale pale kwamba hakuna mteja atakayekuja mchana. Mchana mlima unavaa mawingu. Ni asubuhi mapema, au jioni kuanzia saa kumi na moja.

Upande wa nje ya mpaka wetu kulikuwa na lundo la kokoto la jirani, limekaa tangu aliposimamisha ujenzi wake, limeota majani na kuziba mtaro. Ndilo lililokuwa linarudisha maji getini kwetu. Jambo kama hili huendi nalo kwa simu. Tulikwenda na mama jioni, tukakaribishwa, tukaongea habari za watoto na za shamba, na wakati wa kuaga mama akasema, "Baba, tunaomba utusaidie zile kokoto, tuna wageni." Jirani akaona aibu kidogo, akaomba radhi. Tukakubaliana sisi tulipe vijana, yeye atoe nafasi ndani ya uwanja wake. Jumamosi moja kazi ikaisha, mtaro ukazibuliwa, maji yakapita.

Ndani nitapita haraka kwa sababu hatukufanya mengi. Tulitoa vitu. Kabati mbili na makochi ya ziada vilitangulia Kibosho, picha za ukoo zikashuka ukutani, terazo ikasuguliwa na kupigwa nta hadi ikarudisha rangi yake. Koki zote zinazovuja zilibadilishwa washa, kila taa ikawaka. Mdogo wangu alitaka tuweke vigae na jiko la kisasa. Mimi nilikataa na bado nasimama hapo. Mnunuzi ana mapenzi yake, atang'oa vigae vyako aweke vyake, na ile milioni nne hakurudishii.

Mvua za vuli zilipoanza tukapanda ukoka mbele, ukashika vizuri. Picha nilizipiga mimi mwenyewe asubuhi, kamba ya nguo ikiwa tupu na gari la mdogo wangu limetolewa. Zile za dalali wa kwanza zilipigwa saa saba mchana na shuka zimeanikwa. Kisha tukasubiri Desemba kwa makusudi. Mwezi ule Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Dodoma na Mwanza, na wengi wanarudi na hesabu ya kiwanja au nyumba kichwani.

Kwa hesabu ya mwisho tulitumia milioni 3 na laki moja, nyingi ikiwa bati na ule ukuta. Risiti tulizitunza zote kwenye faili moja na nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na michoro ya baba. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na gharama za ukarabati zina nafasi yake kwenye hesabu hiyo ukiwa na ushahidi. Asiye na karatasi anakosa la kuonyesha.

Wateja walikuja watano. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwalimu na mumewe, walifika saa moja asubuhi tarehe 22. Hawakuuliza bei kwanza. Mwalimu alisimama barazani akitazama mlima, akamwita mumewe. Mama alitoa vikombe vya maua. Nilimwonyesha mume ule ukuta, nikamweleza ulivyokuwa na tulivyoutibu, nikamwonyesha na picha za ukiwa umebanduliwa. Alinyamaza kidogo, akasema nyumba nyingine nne alizoona hakuna aliyemwambia ubovu wowote. Waliporudi mara ya pili walikuja na fundi wao, wakafanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, tukapatana milioni 97. Tulisaini kwa wakili mwezi wa pili, dalali wa pili, tuliyemchukua baada ya yule wa kwanza, akapata asilimia 5 yake tuliyoandikiana tangu mwanzo.

Siku ya kukabidhi, mama aliamka alfajiri akafagia uwanja wote kwa fagio la chelewa. Alimwonyesha mwalimu valvu ya maji ilipo, na akamwomba maua asiyarudishe ukutani. Alitoka wa mwisho. Alipofika getini akainama, akalishika kwa mikono miwili, akalinyanyua kidogo ndipo akalifunga.