Safari ya Kwenda Ziwa la Duara la Manicouagan

Kutoka mji wa Baie-Comeau, ulio kwenye ukingo wa kaskazini wa mto St. Lawrence katika jimbo la Quebec nchini Kanada, barabara namba 389 hupita msituni kwa zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika kwenye bwawa la Daniel-Johnson. Tuliondoka alfajiri tukiwa tumejaza tangi, kwa kuwa vituo vya mafuta huko ni vya kuhesabika.

Ukuta wa bwawa ni wa zege, una matao yaliyoegemezwa kwenye nguzo nene, na umeenea mita 1,314 kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Mwaka 1968 Daniel Johnson, kiongozi wa serikali ya Quebec, alifariki hapohapo siku aliyokuwa auzindue, ndipo ukapewa jina lake.

Hata hivyo, wahandisi hawakulibuni umbo la ziwa hili. Kimondo kilichoanguka takriban miaka milioni 214 iliyopita (na kimo cha ukuta, kwa sadfa ya kuchekesha, ni mita 214) kilichimba shimo kubwa mno, na barafu za zama za baadaye zikalikwangua hadi likabaki bonde la mviringo lenye upana wa kilomita 70 hivi. Kabla ya bwawa, ndani ya bonde hilo mlikuwa na maziwa mawili yaliyopinda kama hilali: Mushalagan magharibi na Manicouagan mashariki. Mto Manicouagan ulipozuiwa kwa ukuta huo, maji yalipanda yakayaunganisha, yakafunika sehemu ya ardhi ambamo Wainnu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wakiwinda, na nchi kavu ya katikati ikawa kisiwa cha René-Levasseur, ambacho eneo lake la takriban kilomita za mraba 2,000 linalishinda hata ziwa lenyewe.

Tuliendelea kaskazini, tukapanda milima ya Groulx iliyo mashariki ya ziwa, nikitumaini kuiona duara. Kutoka kule juu niliona kipande tu cha maji, na nyuma yake kisiwa ambacho mgeni angekidhania kuwa ng'ambo ya pili, kikiwa na mlima Babel wenye mita 952. Umbo zima huonekana kwenye picha za setilaiti. Anayetaka kuielewa kazi ya maji haya aurudie ukuta, kwa maana yakishazungusha mitambo ya hapo huteremka kusini na kufua umeme tena kwenye mabwawa mengine matatu kabla ya kuingia St. Lawrence.